Askari Waliokataa Dola Saba

Mtu akifanya kazi mwezi mzima, kisha akaletewa mshahara wake akaukataa, jirani zake watasema ama ana mali aliyoificha ama amerukwa na akili. Lakini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu mwaka 1861 hata 1865, kilikuwako kikosi cha askari wapatao elfu moja ambao walikataa mshahara wao, si mwezi mmoja wala miwili, bali karibu mwaka mmoja na nusu. Nao hawakuwa matajiri. Walikuwa wakulima, vibarua, vinyozi, mabaharia na wachukuzi, na wake zao nyumbani walikuwa wakiingojea fedha hiyo kununua unga. Wala hawakuweka silaha chini. Katika miezi hiyo yote walichimba mahandaki, walilinda kambi usiku, walipigana na kufa, bila kupokea hata senti moja ya Serikali. Kikosi hicho kiliitwa Kikosi cha 54 cha Askari wa Miguu cha Massachusetts, na habari zake zastahili kusomwa polepole, hasa na mtu aliyepata kusimama katika mstari wa siku ya mshahara.

Vita vyenyewe vilianza mwezi wa Aprili 1861, majeshi ya Kusini yalipoipiga kwa mizinga ngome ya Sumter, iliyo mlangoni mwa bandari ya Charleston katika jimbo la South Carolina. Majimbo 11 ya Kusini yalijitenga kwa sababu ya utumwa. Yaliogopa kwamba Rais Abraham Lincoln na chama chake watauzuia utumwa usienee katika nchi mpya, na mwisho watauondoa kabisa. Watumwa wakati huo walikaribia milioni 4, na pamba yote iliyoitajirisha Kusini ilipitia katika mikono yao. Kwa muda wa karibu miaka miwili watu weusi wa Kaskazini waliokwenda kujiandikisha walirudishwa mlangoni. Waliambiwa kwamba shauri hili ni la wazungu. Hata ilipofika tarehe 1 Januari 1863, Rais Lincoln akatangaza kwamba watumwa wote walio katika nchi za waasi ni watu huru, na katika tangazo hilo hilo akaruhusu watu weusi wapokelewe jeshini.

Bw. John Andrew, Gavana wa Massachusetts, hakupoteza siku. Kabla ya mwezi wa Januari kwisha alikuwa amekwisha pata ruhusa ya Waziri wa Vita, Bw. Edwin Stanton, kuunda kikosi cha watu weusi. Vikosi vya namna hiyo vilikuwa vimeanza huko Kusini katika nchi zilizotekwa, lakini hiki kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuundwa Kaskazini, tena chini ya jina la jimbo lenye sifa ya kupinga utumwa. Shida ilikuwa moja: Massachusetts haikuwa na watu weusi wengi wa kutosha kujaza kikosi. Wako waliotoka katika mji wa Boston, na wengine wengi kidogo katika bandari ya New Bedford, ambako watu weusi walipata kazi katika meli za kuvulia nyangumi. Lakini hawakufika elfu. Basi wakapelekwa wajumbe mbali, mpaka Pennsylvania, New York, Ohio, na hata Kanada. Bw. Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa akatoroka na kuwa mhubiri na mwandishi mwenye sifa kuu, aliandika wito kwa vijana wa rangi yake, na wa kwanza aliowatoa walikuwa wanawe mwenyewe wawili, Lewis na Charles.

Ahadi waliyopewa vijana hao ilikuwa wazi, tena ilichapwa katika matangazo yaliyobandikwa kutani: mshahara ni dola 13 kwa mwezi. Ndio uliokuwa mshahara wa askari yeyote wa Serikali. Gavana Andrew alikuwa amehakikishiwa na Wizara ya Vita kwamba askari hao watatendewa sawa na wengine katika mshahara, sare, silaha na chakula, naye akawahakikishia wao. Jambo moja tu lilikatazwa tangu mwanzo, nalo ni cheo cha afisa. Maafisa wote walikuwa wazungu. Mtu mweusi aliweza kupanda mpaka usajini tu.

Aliyewekwa kuwa Kanali ni Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25, mtoto wa watu matajiri wa Boston waliouchukia utumwa. Alipopelekewa barua ya cheo hicho mara ya kwanza alikataa, kisha akabadili nia. Yasemekana kwamba mwanzoni aliona haya kidogo mbele ya rafiki zake. Lakini mtu huhukumiwa kwa alivyomaliza. Mazoezi yalifanyika katika kambi ya Readville nje ya Boston, katika baridi kali ya mwisho wa majira ya theluji, na madaktari waliwakataa wengi, kwa maana waliojitokeza walizidi nafasi zilizokuwapo. Waliobaki ndio walioanzishiwa kikosi cha pili, cha 55.

Tarehe 28 Mei 1863 Kikosi cha 54 kilipita katika njia kuu za Boston kikielekea bandarini. Maelfu ya watu walitoka kuwatazama. Siku ile ile wakapanda meli iitwayo De Molay, wakaenda Kusini. Yafaa msomaji ajue walikuwa wakienda katika hatari gani. Baraza la waasi lilikuwa limekwisha amua mwezi ule ule kwamba afisa mzungu atakayekamatwa akiwaongoza askari weusi aweza kuuawa, na kwamba askari mweusi mwenyewe hatahesabiwa kuwa mateka wa vita, bali atakabidhiwa kwa jimbo alikokamatwa, na sheria za majimbo hayo kwa mtumwa mwenye bunduki zilijulikana.

Walishukia katika visiwa vya pwani ya South Carolina. Kazi yao ya kwanza haikuwapa sifa. Tarehe 11 Juni walichukuliwa pamoja na kikosi kingine mpaka mji mdogo wa Darien, Georgia, ambao ulikuwa umehamwa na karibu watu wote, na Kanali mwingine aliyekuwa mkubwa wa safari ile akaamuru mji uporwe na kuchomwa moto. Shaw alichukizwa, akaandika barua za malalamiko. Wala askari hawakutoka Boston kuja kuchoma nyumba zisizo na watu.

Mwishoni mwa mwezi ule ule wa Juni ndipo afisa wa mishahara alipokuja na sanduku lake. Askari wakapanga mstari kwa furaha, maana tangu kuandikwa kwao hawakuwa wamelipwa. Hapo wakaambiwa kwamba mshahara wao si dola 13. Ni dola 10, na katika hizo dola 3 hukatwa kwa ajili ya nguo; mkononi zitabaki dola 7. Askari mzungu alipata dola zake 13, na nguo juu yake. Tena dola hizo 7 zilikuwa sawa kwa wote: sajini mweusi, ambaye mwenziwe mzungu alipata dola 17, alipaswa kupokea kile kile alichopokea askari aliyejiunga jana.

Ilikuwaje ahadi ikageuka hivyo? Si kwamba mtu aliiba fedha njiani. Ilikuwa ni shauri la sheria na makarani. Mwezi wa Julai 1862, kabla ya watu weusi kuruhusiwa kuwa askari kwa wingi, Baraza Kuu la Marekani lilitunga sheria ya kuwaajiri watu weusi katika jeshi. Watunga sheria waliwaza juu ya wachimba mahandaki, wapishi, na wachukuzi wa mizigo, wengi wao watumwa waliotoroka. Wakaweka mshahara wa dola 10, tatu kati yake zikiwa nguo. Sasa mwaka 1863 mwanasheria wa Wizara ya Vita aliulizwa ni sheria gani itumike kwa askari weusi, akafungua kitabu, akaikuta hiyo, akasema hakuna nyingine. Kwa kalamu yake askari wa mstari wa mbele akawa kibarua wa kambi. Waziri Stanton hakuivunja hukumu hiyo, ingawa ahadi ilitoka katika wizara yake mwenyewe.

Kanali Shaw alimwandikia Gavana kwamba afadhali kikosi kivunjwe na watu warudishwe kwao kuliko kupokea mshahara huo. Na askari wenyewe, walipoulizwa mmoja mmoja, walikataa. Sanduku likafungwa, afisa akaenda zake.

Majuma machache baadaye wakaonyesha kama wao ni vibarua au askari. Tarehe 16 Julai, katika kisiwa cha James karibu na Charleston, askari wa zamu wa Kikosi cha 54 walishambuliwa alfajiri na adui wengi kuliko wao. Hawakukimbia, walirudi nyuma hatua kwa hatua huku wakipiga risasi, hata kikosi cha wazungu cha Connecticut kilichokuwa karibu kuzingirwa kikapata nafasi ya kuokoka. Walipoteza watu zaidi ya arobaini. Usiku ule ule wakaondoshwa, wakatembea katika mvua na vinamasi juu ya mbao nyembamba, wakapakiwa katika mashua, wakafika kisiwa cha Morris jioni ya tarehe 18, wakiwa hawajala chakula cha maana kwa siku mbili.

Katika kisiwa cha Morris palikuwa na boma liitwalo Wagner, lililolinda mlango wa bandari ya Charleston. Lilijengwa kwa mchanga na magogo ya minazi ya nchi ile, na mchanga ni kitu cha ajabu mbele ya mizinga: kombora huingia, mchanga hujimwaga, na ukuta hubaki. Siku nzima merikebu na mizinga ya nchi kavu ilikuwa imelipiga boma hilo, na majenerali wa Kaskazini walidhani waliomo ndani wamekwisha. Kumbe wale watu, wapatao 1,700, walikuwa wamejificha katika mashimo imara chini ya mchanga, na wengi wao hawakuguswa. Njia ya kulifikia ilikuwa ukanda mwembamba wa pwani, bahari upande mmoja na kinamasi upande wa pili. Shaw alikuwa ameomba watu wake wapate nafasi ya kupigana pamoja na askari wazungu. Sasa aliulizwa kama watapenda kutangulia, akakubali. Alikuwa ameoa mwezi wa Mei, siku 26 kabla ya kuondoka Boston.

Jua likitua, askari wapatao 600 walianza kutembea, kisha wakakimbia, singe zikiwa mbele. Boma likanyamaza mpaka walipokuwa karibu, ndipo likawaka moto. Walivuka handaki lenye maji, wakapanda mteremko wa mchanga juu ya miili ya wenzao, na Shaw alifika juu ya ukuta akaanguka pale akiwa amekufa. Mapigano yalikuwa ya singe na vitako vya bunduki. Vikosi vya wazungu vilivyofuata nyuma vilichinjwa vile vile. Vingine vilishika pembe moja ya boma kwa saa kadha, kisha vikarudishwa. Asubuhi hesabu ilifanywa: jeshi la Kaskazini lilipoteza watu wapata 1,500 waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na katika hao 272 walikuwa wa Kikosi cha 54, yaani karibu nusu ya waliokwenda. Maafisa wengi mno walianguka hata kikosi kikabaki chini ya Kapteni Luis Emilio, kijana asiyetimiza miaka 19.

Mtu mmoja hutajwa kila mara katika habari za usiku ule. Sajini William Carney alizaliwa utumwani katika Virginia akakulia New Bedford. Alipomwona mshika bendera anaanguka, alitupa bunduki yake akaishika bendera, akapanda nayo ukutani, na wenzake waliporudishwa akarudi nayo akitambaa kwa goti, risasi zikimpiga mahali zaidi ya pamoja. Alipofika katika hema la majeruhi aliwaambia wenzake kwamba bendera haikugusa chini. Huyo naye alikuwa mtu wa dola 7.

Waasi walimtupa Kanali Shaw katika shimo moja na askari wake weusi, kwa nia ya kumdhalilisha. Baba yake alipopata habari kwamba wakubwa wa jeshi wanataka kuutafuta mwili huo, aliandika waziwazi kwamba usiondolewe; alitaka mwanawe alale pale alipo, na watu aliokuwa nao. Askari waliotekwa walifungwa katika gereza la Charleston, na wachache wakapelekwa mahakamani kwa mashitaka ya kuwa watumwa walioasi. Lakini mahakama ya waasi wenyewe iliona haina uwezo wa kuwahukumu, wakarudishwa gerezani. Huenda amri ya Rais Lincoln ya tarehe 30 Julai iliwasaidia, kwa kuwa alitangaza kwamba kwa kila askari wake atakayeuawa kinyume cha sheria za vita, mateka mmoja wa Kusini atauawa, na kwa kila mmoja atakayefanywa mtumwa, mmoja atatiwa katika kazi ngumu. Lakini si wote waliosaidika. Sajini Robert Simmons, mzaliwa wa Bermuda, alikatwa mkono akafa mikononi mwa adui. Siku chache kabla ya vita vya Wagner, katika fujo za mji wa New York za wazungu waliokataa kuandikwa jeshini, kundi la watu lilivamia nyumba ya jamaa zake, na mtoto wa dada yake akauawa.

Baada ya hayo yote, afisa wa mishahara akarudi tena. Dola 10, kasoro 3.

Wakakataa tena. Na sasa kazi yao ilikuwa nzito kuliko mwanzo, maana jenerali aliamua kulizingira boma la Wagner kwa kuchimba mahandaki, na vikosi vya watu weusi vilipewa sehemu kubwa ya majembe. Walichimba mchana na usiku katika jua la Agosti, risasi zikipita juu ya vichwa vyao. Vikosi vingine vya watu weusi vilitumiwa hata kusawazisha viwanja vya kambi za wazungu, mpaka ikatolewa amri ya kulikataza jambo hilo. Waasi walilihama boma hilo usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba.

Mwezi huo huo, tarehe 28, Koplo James Henry Gooding alichukua kalamu akamwandikia Rais Lincoln mwenyewe. Gooding alikuwa baharia wa meli za nyangumi, na alikuwa amezoea kupeleka barua za habari kwa gazeti la New Bedford. Barua yake kwa Rais ina adabu yote ya askari kwa mkubwa wake, lakini swali lake ni moja: je, sisi ni askari, au ni vibarua? Akaeleza kwamba wamefanya kazi yote ya askari, na kwamba damu yao imelowesha mchanga wa Wagner. Akaomba walipwe kama askari. Akaongeza jambo ambalo wengine hulisahau, kwamba sheria ile ya 1862 iliwahusu watumwa waliotoroka, nao wengi wa Kikosi cha 54 walikuwa watu huru tangu kuzaliwa, walioandikwa kama raia wengine wa jimbo lao.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Barua za wake ziliwafikia kambini, zikisema kodi ya nyumba imeshinda na watoto wana njaa. Wengine walilazimika kuomba msaada wa maskini. Hapo ndipo Gavana Andrew alipopata shauri aliloliona jema. Mwezi wa Novemba 1863 Baraza la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba jimbo lenyewe lilipe tofauti, ili kila askari apate dola 13 zake kamili. Mwezi wa Desemba wajumbe wawili wakasafiri na habari hiyo njema mpaka kisiwa cha Morris.

Askari wakashukuru sana, wakakataa.

Kwa mtu anayehesabu fedha tu, hilo ni jambo lisilofahamika. Dola 13 zilikuwa mbele yao, na mke wa askari haulizi noti imetoka hazina ipi. Lakini wao waliliona shauri kwa undani zaidi kuliko Gavana. Kama wangepokea dola 7 kutoka kwa Serikali Kuu na dola 6 kama zawadi ya jimbo, basi wangekuwa wametia sahihi kwamba mbele ya Serikali Kuu thamani yao ni dola 7. Tena vikosi vingine vya watu weusi, vya watumwa waliowekwa huru, ambavyo havikuwa na Massachusetts ya kuvilipia, vingeachwa peke yao. Watu wa Boston walistaajabu, na wengine waliudhika kidogo, kama mtu aliyeleta zawadi ikarudishwa.

Si kila kikosi kilichosubiri kwa namna ile. Katika kikosi cha watu weusi cha South Carolina, Sajini William Walker aliiongoza kombania yake mbele ya hema la Kanali, wakaweka bunduki chini, wakisema hawatafanya kazi ya askari kwa mshahara usio wa askari. Hilo ni uasi kwa sheria ya kila jeshi duniani. Alihukumiwa, na mapema mwaka 1864 akapigwa risasi mbele ya wenzake katika mji wa Jacksonville, Florida. Gavana Andrew hakuacha kulitaja jambo hilo alipowaandikia wakubwa wa Washington: Serikali iliyovunja mapatano ndiyo iliyomwua mtu kwa kuyavunja. Katika Kikosi cha 54 pia palikuwa na minong'ono na hasira, lakini kazi haikusimama.

Mwezi wa Februari 1864 walipelekwa Florida. Tarehe 20, mahali paitwapo Olustee, jeshi la Kaskazini la watu wapata 5,500 liliingia katika mtego na kuvunjwa vibaya. Watu zaidi ya 1,800 walipotea. Kikosi cha 54 kilitupwa mbele wakati wengine wanarudi nyuma, kikaingia kwa kukimbia, na kelele waliyopiga askari wakiingia vitani ilitaja Massachusetts na dola saba kwa mwezi. Ni mzaha wenye uchungu, ambao kila mtu mle msituni aliuelewa. Wao pamoja na kikosi kingine cha watu weusi walishikilia mpaka giza, ili wengine wapate kuondoka. Walipoteza watu 86. Baada ya vita hivyo walisikia kwamba gari la moshi lililojaa majeruhi limeharibika njiani na adui anakuja. Wakarudi nyuma, wakafunga kamba katika injini na mabehewa, wakalivuta gari hilo kwa mikono yao maili kadha mpaka farasi walipopatikana. Miongoni mwa waliobaki mikononi mwa adui siku ya Olustee alikuwa Koplo Gooding, naye amejeruhiwa. Alikufa katika gereza la Andersonville, Georgia, tarehe 19 Julai 1864.

Laiti angeishi kidogo. Tarehe 15 Juni, mwezi mmoja na siku chache kabla ya kufa kwake, Baraza Kuu lilikuwa limepitisha sheria ya kuwalipa askari weusi sawa na wengine. Lakini sheria yenyewe ilikuwa na mkia. Usawa ulianza tarehe 1 Januari 1864 kwa wote. Kwa miezi ya nyuma zaidi, tangu kuandikwa, ni wale tu waliokuwa watu huru tarehe 19 Aprili 1861 watakaolipwa. Basi kila askari ilimpasa aape kama siku ile alikuwa huru au mtumwa.

Katika Kikosi cha 54 walikuwamo waliotoroka utumwani. Je, waape uongo, au wapunjwe mbele ya wenzao waliochimba nao handaki moja? Aliyelitatua fumbo hilo ni Kanali Edward Hallowell, aliyeshika mahali pa Shaw. Yeye alilelewa katika dini ya Quaker, yaani Marafiki, ndio hao hao wanaojulikana katika Kenya kwa misheni yao ya Kaimosi. Watu ambao kwa desturi hawapigani wala hawaapi. Huyu alipigana, na sasa akatunga kiapo. Kila askari aliinua mkono akaapa kwamba kabla ya tarehe ile hakuwa na deni la kumfanyia mtu yeyote kazi bila malipo. Ni nani asiyeweza kuapa hivyo kwa moyo safi? Sheria ya binadamu yaweza kusema kwamba mtu fulani ni mtumwa. Lakini deni la jasho lisilolipwa, askari hao hawakulikubali mbele ya Mungu. Wakaapa wote, na makarani wakaandika kwamba wote walikuwa huru.

Mwisho wa Septemba 1864 sanduku la mishahara likafika kisiwa cha Morris kwa kweli. Fedha iliyohitajiwa kulipa kikosi chote ilikaribia dola 170,000. Kambi ilijaa nyimbo na vicheko. Lakini hawakuzimaliza pale. Zaidi ya dola 50,000 zilipelekwa mara moja kwa jamaa zao kwa njia ya kampuni ya kusafirisha vifurushi. Jambo jingine la kuchekesha ni kwamba katika majuma yale yale Kikosi cha 54 kilikuwa kikilinda mateka 600 hivi, wote maafisa wa jeshi la Kusini, waliowekwa kisiwani kwa kulipiza kisasi kwa mateka wa Kaskazini waliowekwa Charleston chini ya mizinga. Mabwana wenye watumwa wakakaa wakiwatazama askari weusi wakihesabu noti zao.

Watumwa wa zamani katika vikosi vingine, ambao hawakuwa na kiapo cha Hallowell, waliendelea kungoja. Wale walioahidiwa mshahara kamili walipoandikwa walipata haki yao kwa sheria ya mwezi wa Machi 1865, vita vikikaribia kwisha.

Yaliyobaki ya historia ya kikosi yaweza kuelezwa upesi. Kilipigana na kupata hasara katika Honey Hill tarehe 30 Novemba 1864, kikaingia Charleston baada ya mji huo kuhamwa mwezi wa Februari 1865, na tarehe 18 Aprili kilikuwa bado vitani katika Boykin's Mill, siku tisa baada ya Jenerali Lee kusalimu amri huko Virginia. Luteni mmoja wa kikosi aliuawa hapo. Neno la vyeo nalo lilifunguka kwa shida. Sajini Stephen Swails, aliyejeruhiwa Olustee, alipewa na Gavana Andrew cheo cha luteni mwanzoni mwa 1864, lakini Wizara ya Vita ilikataa kumwandika mpaka Januari 1865. Baada ya vita alikaa South Carolina akachaguliwa katika Baraza la Seneti la jimbo lile lile alilokwenda kupigana nalo. Kikosi kilirudi Boston, na tarehe 2 Septemba 1865 askari wakaagana.

William Carney alirudi New Bedford, akawa mchukuzi wa barua za posta kwa miaka zaidi ya thelathini. Nishani ya ushujaa aliyoistahili kwa usiku wa Wagner alipewa mwaka 1900, miaka 37 baadaye. Kabla ya hapo, tarehe 31 Mei 1897, ulifunuliwa katika Boston mnara wa shaba wa Kanali Shaw na askari wake, kazi ya mchongaji Augustus Saint-Gaudens, na wazee waliobaki wa kikosi walipita mbele yake, Carney akiwa na bendera. Katika mnara huo Shaw yuko juu ya farasi, na askari wanatembea kando yake na bunduki mabegani, kila mmoja na uso wake. Majina yaliyoandikwa siku ile yalikuwa ya maafisa waliokufa. Majina ya askari yaliongezwa nyuma ya jiwe katika miaka ya 1980.